Upande Anaoelekea Kobe

Tarehe kumi na tisa mwezi wa pili, muda mfupi kabla ya adhuhuri, nilifiwa na mume wangu. Alikuwa anajaza upepo baiskeli ya mtu kwenye kibanda chake mbele ya nyumba yetu, akakaa chini kama mtu aliyechoka, na hakuinuka tena. Mwenye baiskeli ndiye aliyekuja kuniita. Nilipofika pampu bado ilikuwa imeng'ang'ania tairi, na mkono wa mume wangu ulikuwa juu ya goti. Tulimzika siku ya pili yake.

Nyumba yetu iko kando ya barabara ya vumbi inayotoka Mlandizi kwenda Vihingo, upande wa Kisarawe. Wanapita watu wa mkaa, bodaboda, na malori ya mchanga. Ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba, kuna bwawa ambalo mvua zikichanganya linakutana na mashamba ya mpunga. Upande wetu, kando ya kibanda, kuna mwinuko wa mchanga ambao hauoti kitu zaidi ya nyasi kavu. Bwawani wanakaa kobe. Si wale wa nchi kavu ambao ukimgusa anaingiza kichwa na kutulia. Hawa wa majini ni wakorofi. Wananuka, wana kucha, na akishika kidole chako haachii mpaka apende mwenyewe.

Mume wangu alikuwa fundi pancha. Darasa la saba tumemaliza wote wawili, yeye shule yake, mimi yangu. Hakuwa mtu wa maneno wala wa mambo mengi. Lakini akiona kobe barabarani aliacha tairi, aliacha mteja, na chakula kama kilikuwa kimeshapakuliwa alikiacha kipoe. Alikuwa na kipande cha mpira mzito, ule unaoning'inia nyuma ya tairi za lori kuzuia tope. Alimsukumia kobe juu yake, akamvuta kama mtu anavyovuta gunia, akamvusha. Mimi nilimcheka. Nilimwambia kama anataka kubeba mizigo aende sokoni, huko wanalipa.

Siku moja aliniita nikiwa naanua nguo. "Mama, njoo ushike hapa."

Nikamjibu, "Mimi? Nishike hilo lidude lako linalonuka? Kanawe mikono huko, usije ukanishika na mimi."

Akacheka. Hakuniita tena. Miaka yote iliyofuata nilihesabu kwamba siku ile nilishinda.

Nimeanza na hayo ili anayesoma ajue nilikuwa mtu gani kabla ya yaliyofuata. Mume wangu hakuacha shamba, wala hatukujaaliwa mtoto. Alichokuwa anakifanya kwa moyo wake, ambacho mtu angeweza kukionyesha na kusema huyu ndiye alikuwa yeye, ni kile cha kobe. Nilikuja kukitaka baada ya kufa kwake. Na nilipokitaka nikakuta kimeshikwa na mtu mwingine.

Nilikaa eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nyumbani kwake bila dharura. Uani nilikwenda, jikoni nilikwenda, barabarani hapana. Dada mkubwa wa marehemu, wifi yangu, alikuja kutoka Picha ya Ndege kukaa na mimi. Ni mtu mwenye mdomo, Mungu amjaalie, na bila mdomo wake sijui ningekuwaje. Mchana tulikaa chumba cha mbele. Dirisha la chumba hicho linatazama kibanda kwa nyuma, na kupita kibanda unaona barabara na bwawa. Mwinuko wa mchanga huuoni, kibanda kinaukinga. Ninataja dirisha hili kwa sababu kosa nililokuja kulifanya lilitoka hapo.

Masika ilianza vizuri mwaka huo. Asubuhi moja ya Jumanne, mvua ya rasharasha, nilimwona mwanamke anakuja kutoka upande wa Vihingo na beseni la mboga kichwani. Alisimama. Akatua beseni chini. Akaja moja kwa moja nyuma ya kibanda cha mume wangu, akanyoosha mkono juu, kati ya bati na mti, akachomoa ule mpira.

Hakutafuta. Macho yake yalikuwa barabarani, mkono ukaenda peke yake. Mimi niliyelala na yule mwanaume miaka yote sikujua kwamba mpira unakaa pale.

"Wifi," nikasema, "yule ni nani?"

Wifi alikuwa anachambua mchele. Alisogea na ungo wake mpaka dirishani. "Si yule mama wa mboga wa Vihingo? Anapita hapa Jumanne na Jumamosi. Matembele yake mazuri."

"Anachukua nini kwenye kibanda cha mume wangu?"

"Kipande cha mpira."

"Nimeuona ni mpira. Nauliza anachukulia nini."

"Ai, wifi, si umwache tumwone?"

Tukamwona. Kobe alikuwa katikati ya barabara. Yule mwanamke alitazama huku na huku kwanza. Lori lilikuwa linakuja, akavua mtandio wake mwekundu akaupunga juu mpaka lori likapunguza mwendo. Akazunguka nyuma ya kobe, si mbele. Akatandika mpira, akamsukuma kidogo kwa fimbo kwenye gamba mpaka akapanda, akaanza kumvuta kuelekea bwawani. Hakumshika mkia. Hakumwinua juu. Alipofika ukingoni aliuteremsha mpira taratibu, akarudi nyuma, akasimama kumtazama, mkono mmoja kiunoni.

Huo mkono kiunoni ndio ulionichoma. Mume wangu alikuwa anasimama hivyo hivyo.

"Nenda kamwambie aurudishe," nikamwambia wifi.

"Niende kwenye mvua kwa ajili ya kipande cha mpira? Eda imekukaa vibaya wewe."

"Wifi, nenda."

Akaenda, kajifunika mfuko wa nailoni kichwani. Niliwaona wanaongea, niliwaona wanacheka. Aliporudi alikuwa na fungu la matembele mkononi.

"Amesema pole kwa msiba. Amesema mpira ameshaurudisha palepale, ndivyo walivyokuwa wakifanya."

"Walivyokuwa wakifanya yeye na nani?"

Wifi akanitazama. "Na kaka yangu, labda. Au na kobe. Mimi sikuuliza."

Matembele yale sikuyala. Wifi aliyapika na dagaa akayala mbele yangu, na alipomaliza akasema mume wangu alikuwa na bahati, amekufa bila kumwona mkewe akinunia majani.

Tangu siku hiyo nilijua Jumanne na Jumamosi kuliko ninavyojua siku za mwezi. Niliamka, nikasali, nikakaa dirishani. Kama hakuna kobe alipita tu, na mimi nikakasirika kwamba amepita. Kama kuna kobe alichukua mpira, na mimi nikakasirika zaidi. Wengine aliwavuta mpaka bwawani, hao niliwaona mwanzo hadi mwisho. Mara nyingine alimvuta kobe kuja upande wetu, akapotelea mbele ya kibanda, akakaa huko kidogo, halafu akatokea na mpira mtupu. Moyo wangu ulinieleza kwamba anakwenda kukaa kwenye benchi la mume wangu lililo pale mbele. Nilimwona kabisa, kwa akili yangu, amekaa pale anapapasa spana zake. Kobe amemweka wapi sikujiuliza. Nilikuwa nawaza benchi.

Usiku sikuwa nalia kama wanavyodhani wajane wanalia. Nilikuwa nakumbuka siku ambazo mume wangu alichelewa kuingia ndani kula, naziweka pamoja, natafuta ngapi kati yake zilikuwa Jumanne. Ni aibu kuandika, lakini marehemu wangu niliyekuwa namlilia nilikuwa pia namkagua.

Eda iliisha mwishoni mwa mwezi wa sita. Nilioga, nikavaa nguo nyingine, majirani wakaja, ikasomwa dua, tukapika wali. Mama wa mboga alikuja na watu wa Vihingo, akakaa nyuma kwenye jamvi karibu na mlango. Alinipa mkono. Mkono wake ulikuwa mgumu kama wangu. Nilimwambia ahsante kwa kuja na nikageukia mwingine kabla hajajibu.

Jioni hiyo, watu walipotawanyika, nilikwenda nyuma ya kibanda, nikapapasa kwenye bati mpaka nikaupata mpira. Niliupeleka ndani nikauweka chini ya kitanda.

Siku chache baadaye alipita. Nadhani aliona kobe mdogo, maana alitua beseni akaja nyuma ya kibanda. Akanyoosha mkono. Mkono ukashika hewa. Akanyoosha tena. Halafu akainua macho akaitazama nyumba, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikamwona anatazama. Kisha akarudi barabarani, akamshika kobe kwa mikono miwili ubavuni, karibu na miguu ya nyuma, kobe akamkojolea mpaka kwenye kanga, akamvusha hivyo hivyo.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi nikajipikia chai.

Hakuja kuuliza mpira uko wapi, siku hiyo wala nyingine. Hilo nalo liliniudhi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaandaa la kumjibu.

Kiangazi kikapita. Wifi alirudi kwake Picha ya Ndege, akawa anakuja Jumamosi na kulala. Mimi nilikodisha kibanda kwa fundi mwingine, naye akakaa miezi miwili akahamia Mlandizi kwenye wateja, kibanda kikabaki tupu. Halafu mwezi wa kumi na moja vuli ikapiga, na siku ya tatu ya mvua, Alhamisi, nikamwona kobe barabarani. Alikuwa mkubwa kama beseni la kufulia, gamba jeusi, pembeni nyuma limemeguka kipande kama sahani iliyogonga ukuta. Anatoka upande wa bwawa, anakuja upande wetu, kichwa mbele.

Nilikimbia kuchukua mpira. Moyo ulikuwa unanienda mbio kama wa bibi harusi. Alhamisi! Si Jumanne wala Jumamosi. Huyu alikuwa wangu.

Nilifanya yote kama nilivyoyaona dirishani. Nilitazama huku na huku. Nilisimamisha bodaboda mbili. Nilizunguka nyuma. Mpira ulinishinda kidogo kwa uzito, na kobe aligeuza shingo, shingo ndefu kuliko nilivyotegemea, akauma fimbo, nikapiga kelele. Kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Mama mkubwa, huyo si kuku, mwache ajiendee." Nikamwambia ashike usukani wake. Nikamvuta kobe mpaka bwawani, nikamteremsha majini. Akazama. Nikasimama, nikaweka mkono kiunoni.

Nilikuwa nanuka uvundo wa kobe mwili mzima na sikuoga haraka.

Ijumaa akarudi. Yule yule, nilimtambua kwa kipande kilichomeguka. Nikamrudisha majini. Safari hii alipambana, kucha zikachana mpira, na nilimsemesha njiani kama mtoto mtukutu. Nilimwambia kwao ni bwawani, huku juu anatafuta nini, huku kuna mchanga tu.

Jumamosi wifi alikuja mapema. Nilimsimulia huku namkaangia maandazi.

"Mara mbili?" wifi akasema. "Huyo amekupenda. Mwambie alete barua kwa wazee."

"Kaka yako alikuwa anafanya hivyo hivyo."

"Kaka yangu alikuwa hana mke wa kuongea naye, ndiyo maana."

Tulikuwa tunacheka. Niliweka sufuria ya mafuta chini, na ndipo tukasikia breki za lori, halafu sauti nyingine ambayo sitaki kuifananisha na kitu.

Dereva alikuwa ameshashuka tulipofika. Kijana mpole. "Mama, nilidhani jiwe," akasema. "Wallahi nilidhani jiwe." Alikuwa ameshika kofia yake mkononi. Hakuwa na kosa, mvua ilikuwa imejaza barabara tope, na kobe akijaa tope ni jiwe. Nikamwambia aende.

Gamba lilikuwa limepasuka kati. Ndani yake mlikuwa na mayai. Meupe, marefu kidogo, si ya mviringo, ganda laini. Mengi yalikuwa yamechanganyika na tope na damu. Nilisimama pale na kile kichwa kilikuwa bado kimeelekea upande wetu, kwenye mchanga, na hapo, polepole, nikaelewa. Alikuwa hajapotea. Alikuwa anakwenda kutaga. Mara mbili alikaribia kufika na mara mbili nilimrudisha mwanzo, akaanza upya barabara ile ile, na ya tatu nilikuwa nakaanga maandazi.

Na nikaelewa pia wale wa masika, waliopotelea mbele ya kibanda. Hakuwa akienda kukaa kwenye benchi; alikuwa akiwafikisha mchangani.

Mama wa mboga alitukuta hapo hapo. Ilikuwa Jumamosi. Alitua beseni, akachuchumaa, akayatazama mayai. Halafu akaanza kutoa matembele yake na kuyapanga juu ya nyasi, fungu moja moja.

"Dada, nipe mchanga," akaniambia. "Wa chini, wenye unyevu. Jaza humu."

Nilijaza kwa mikono. Mayai manne yalikuwa hayajapasuka. Aliyachukua moja moja kwa vidole viwili. "Usiligeuze. Lilivyokaa ndivyo likae. Ukiligeuza limeharibika." Akayalaza kwenye mchanga wa beseni. Tukapanda mwinuko, yeye mbele, mimi na wifi nyuma. Alijua pa kuchimba, palikuwa na vishimo vya zamani, maganda makavu ya mayai yametawanyika kama karatasi. Nimeishi hatua chache kutoka pale na sikuwahi kupanda.

Alichimba kwa kisu cha kukatia mboga. Alipofukia, nikasema. Nilijua nisiposema pale sitasema.

"Mimi ndiye niliyemrudisha majini. Juzi na jana. Sikujua."

Akapangusa kisu kwenye nyasi.

"Na mpira ninao mimi. Uko chini ya kitanda changu tangu mwezi wa sita."

"Nilijua," akasema. "Ungekuwa umeibwa ungenisingizia mimi."

Wifi akaguna, nusu kicheko.

"Mume wangu alikufundisha vizuri," nikasema. Nilitaka liwe neno la upole lakini lilitoka na makali.

Akaninyanyulia macho. "Nani? Mume wako?" Akafuta pua kwa upindo wa kanga. "Mimi ndiye niliyemfundisha yeye. Nilimkuta hapo barabarani, miaka hiyo, anamrudisha kobe bwawani, jasho linamtoka. Kobe anataka huku, yeye anamvuta kule. Nikamcheka mpaka nikatua beseni. Nikamwambia, baba, wewe ukipanda gari la Morogoro, halafu mtu akakushusha akakurudisha Kibaha, utamshukuru? Mtu anavushwa kule anakokwenda, si kule unakomtaka."

"Akasemaje?"

"Alisema alidhani anawasaidia."

Nilimwona mume wangu, jasho linamtoka, amesimama na mpira, anachekwa. Sikuwahi kumwona hivyo. Kwangu hakukosea mambo ya namna hiyo, au alikosea nikamkaripia. Mtu mwingine alikuwa na ile siku, na aliitunza nzima, na kicheko ndani yake. Nikafikiri labda siku ile ile ndiyo aliyokuja akaniita nimshikie, amejifunza kitu kipya anataka kunionyesha. Sina hakika. Sijui pia ule mkono kiunoni ulikuwa wa nani kwanza.

"Nikuulize kitu," nikasema. "Unijibu kweli."

"Uliza."

"Kulikuwa na jambo kati yenu?"

Wifi aliinama akaanza kusawazisha mchanga ambao ulikuwa umeshasawazishwa.

Mama wa mboga hakukasirika. Alifikiri kidogo, kama mtu anayekumbuka bei. "Mimi niliachika zamani," akasema. "Angeniposa, ningekubali. Hakuniposa. Nimepita hapa miaka na miaka, hata chai hakuwahi kunikaribisha."

"Kaka yangu alikuwa bahili," wifi akasema chini kwa chini.

Yule mama akacheka. Wifi naye akacheka. Mimi nilishindwa, ila nilihisi kitu kimelegea begani, upande mmoja tu. Upande wa pili ulibaki vilevile, na mpaka leo uko vilevile. Angekubali. Amesema mbele yangu, juu ya mwinuko wangu, na mikono yake ina mchanga. Ningependa kuandika kwamba nilimsamehe, lakini hakuwa amenikosea kitu cha kusamehe, na hilo ndilo gumu. Mtu asiyekukosea huna pa kumshika.

Tulishuka. Wifi alimsaidia kukusanya matembele. Gamba nililizika mwenyewe nyuma ya nyumba.

Jioni niliutoa mpira chini ya kitanda. Nilikaa nao mapajani muda mrefu kuliko ulivyostahili kipande cha mpira. Asubuhi nikaenda kuuchomeka kati ya bati na mti.

Jumanne nilikuwa barabarani kabla yake. Kobe alikuwa amefika katikati, mdogo kuliko yule, anatoka bwawani anakuja upande wetu. Nilikuwa nimeshatandika mpira lakini hataki kupanda, kila nikimsukuma anageuza shingo anatafuta mkono wangu. Mama wa mboga akafika, akatua beseni, akashika ncha ya pili ya mpira. Tukawa tumeshika wote wawili, yeye ncha hii mimi ile, na kobe kati. Tulitazamana. Sikuachia.

Aliachia yeye.

"Simama nyuma zaidi," akasema. "Anakuona. Asikuone." Akavua mtandio akaenda kusimama juu kidogo, akamzuia mtu wa mkaa na pikipiki yake.

"Shikamooni, mama zangu," akasema yule wa mkaa. "Leo mna msafara wa rais?"

"Marahaba. Zima pikipiki," mama wa mboga akamjibu.

Nilisimama nyuma zaidi. Kobe akapanda. Nikamvuta, si bwawani, nikamvuta kuja kwetu, kupita kibanda, kupita benchi, mpaka mchanga ulipoanza. Hapo akauma ukingo wa mpira. Nilivuta, hakuachia. Mama wa mboga akaja akasema tusivute, tungoje. Tukangoja. Yule wa mkaa akawasha pikipiki akaondoka. Tulikaa kwenye benchi, mimi mwisho huu yeye mwisho ule, na kobe mbele yetu na mpira mdomoni.

Baada ya muda kobe akaachia. Akateremka kwenye mpira, akaanza kupanda mchanga.

"Nimechelewa soko," mama wa mboga akasema. Akajitwisha beseni akashika njia ya Mlandizi.

Niliuokota mpira, nikaufuta tope, nikaenda nyuma ya kibanda kuurudisha. Mkono wangu ulikuwa bado haujui kwenda peke yake; ilibidi niinue macho nitazame mahali pake ndipo nikauchomeka.